Gari la Bei Nafuu kwa Anayeishi na Jeraha: Vipimo Vitangulie Malipo

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Kuenea kwa magari yaliyotumika kutoka Japani kumefanya umiliki wa gari dogo uwe jambo linalojadiliwa hata katika kaya za vijijini. Kwa mtu anayeishi na jeraha la nyonga, goti, mguu au uti wa mgongo, gari la namna hiyo ni njia ya kufika kliniki, sokoni, kazini na kanisani au msikitini bila kutegemea mgongo wa pikipiki. Likichaguliwa vibaya, hata hivyo, fedha iliyotokana na fidia, kiinua mgongo au mauzo ya mazao ya misimu kadhaa huishia katika chombo ambacho mwenye jeraha hawezi kukipanda bila kubebwa.

Swali linaloulizwa na wengi ni gari gani lina bei ndogo. Swali hilo lina nafasi yake, lakini huja likiwa la nne au la tano. Kabla yake yapo maswali ya daktari, ya kimo cha kiti, ya barabara itakayotumika na ya kodi. Mwananchi anayeyajibu kwa mpangilio huo hupunguza uwezekano wa kununua mara mbili, na hujiweka katika nafasi ya kunufaika na unafuu uliopo kisheria kabla muda wake haujapita.

Kalenga na umbali wa huduma

Kalenga, iliyokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa hadi ngome yake ilipoangushwa na majeshi ya Kijerumani Oktoba 1894, ipo takriban kilomita 15 kutoka mjini Iringa, katika barabara inayoelekea Hifadhi ya Taifa Ruaha. Hospitali ya Tosamaganga haipo mbali, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa ipo mjini. Matibabu ya kibingwa ya mifupa na mishipa ya fahamu humlazimu mgonjwa kusafiri zaidi: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ipo zaidi ya kilomita 300, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam ni safari ya takriban kilomita 500.

Kwa hiyo mkazi wa Kalenga mwenye jeraha ana safari za aina mbili. Ipo safari fupi ya mara kwa mara ya kwenda mjini kwa mazoezi ya viungo, dawa na shughuli za kawaida, na ipo safari ndefu ya mara chache ya kwenda kuonana na bingwa. Kosa la kwanza katika uchaguzi wa gari ni kununua kwa kufikiria safari ndefu pekee. Gari kubwa linalohitajika mara mbili kwa mwaka hugharimu mafuta, bima na matengenezo kwa miezi yote 12, ilhali safari ya kwenda kwa bingwa ingeweza kufanyika kwa basi au kwa gari la kukodi lililoandaliwa kwa siku hiyo.

Wakazi wa Kalenga huona kila msimu magari marefu ya watalii yakipita kuelekea Ruaha. Ni rahisi kudhani kuwa gari lililoinuka juu ndilo lenye starehe. Kwa mtu mwenye nyonga iliyovunjika, ngazi ya kupandia gari hilo inaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko mashimo ya barabara.

Daktari na aina ya jeraha

Hatua ya kwanza ni kupata maelezo ya daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuhusu mambo matatu: iwapo mhusika anaweza kuendesha au atakuwa abiria, kiungo gani kisikunjwe sana, na iwapo hali inatarajiwa kuimarika, kubaki ilivyo au kudhoofika. Jibu la tatu ndilo husahaulika. Gari linalomfaa mtu anayetembea kwa gongo moja leo linaweza lisimfae miaka mitatu ijayo atakapohitaji kiti mwendo, na kinyume chake mtu anayetarajiwa kupona hana sababu ya kugharamia marekebisho ya kudumu.

Kwa dereva, mguu ulioumia huamua aina ya gia. Gari la otomatiki lina pedeli mbili, breki na mafuta, na zote hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Mtu aliyeumia mguu wa kushoto anaweza kuliendesha bila kubadilisha kitu chochote, kwa kuwa hakuna klachi. Anayeishi Iringa anaelewa uzito wa jambo hilo: mwinuko wa kutoka Ipogolo kuingia mjini, ukiwa na foleni, humlazimisha dereva wa gari la gia za mkono kukanyaga na kuachia klachi mara nyingi ndani ya dakika chache, na goti lililofanyiwa upasuaji halivumilii kazi hiyo.

Aliyeumia mguu wa kulia yupo katika hali tofauti. Otomatiki peke yake haimsaidii. Anaweza kuhitaji pedeli ya mafuta iliyohamishiwa kushoto, au mtambo wa mkono ambao husukumwa kufunga breki na kuvutwa au kuzungushwa kuongeza mafuta. Mwenye nguvu katika mkono mmoja pekee huweza kusaidiwa na kishikio cha mviringo kinachofungwa kwenye usukani. Vifaa hivi hutumika katika nchi nyingi na si vigeni kwa mafundi. Hata hivyo marekebisho yoyote yanayogusa breki, usukani au mafuta yafanywe na fundi mwenye ujuzi, na gari likaguliwe na wakaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani kabla ya kuingia barabarani. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi, ili siku ya ajali pasiwe na ubishi kuhusu gari lililokatiwa bima.

Lipo jaribio rahisi kwa anayetaka kurejea katika usukani baada ya kuumia. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, mhusika akae kwenye kiti cha dereva, ahamishe mguu kutoka pedeli ya mafuta kwenda breki na kuikanyaga kwa nguvu zote, kisha arudie mara kadhaa. Maumivu yakimfanya asite hata kwa nukta chache, wakati wa kuendesha bado haujafika. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi. Jaribio hili haliondoi haja ya ruhusa ya daktari. Humwonesha mhusika mwenyewe sababu ya ruhusa hiyo kucheleweshwa.

Kiti, mlango na kimo cha gari

Mwenye jeraha la nyonga, goti au kiuno huumia zaidi wakati wa kuingia na kutoka kuliko wakati wa safari yenyewe. Kiti kilicho chini sana humlazimisha kujidumbukiza, na kutoka humo ni sawa na kuinuka kutoka kwenye kigoda. Kiti kilicho juu sana humlazimisha kuinua mguu ulioumia na kubebesha mwili mzima mguu mmoja. Kinachofaa ni kiti ambacho makalio huteleza kuelekea ndani bila kupanda wala kushuka.

Kipimo chake kinaweza kufanyika nyumbani bila gharama. Mhusika atafute kiti au kitanda ambacho hukaa na kuinuka kwa maumivu madogo zaidi, kisha apime kimo chake kutoka sakafuni kwa futi ya fundi cherehani. Namba hiyo iandikwe na ipelekwe kwa muuzaji. Gari ambalo kiti chake kinakaribiana na kimo hicho kutoka ardhini ndilo la kuanza nalo, bila kujali rangi wala jina. Wakati wa kupima, mtu atangulize makalio, akae, kisha aingize miguu yote miwili kwa pamoja. Mfuko laini wa plastiki ukiwekwa juu ya kiti hurahisisha kugeuka, na huondolewa kabla ya gari kuondoka.

Kwa kawaida saluni ndogo zilizo chini huwapa shida watu wenye majeraha ya nyonga na kiuno. Magari madogo yenye paa la juu huwa karibu zaidi na kipimo chao. Toyota IST, ambayo imeenea sana nchini, ni mfano wa gari dogo ambalo kiti chake kipo juu kidogo kuliko saluni nyingi. Toyota Raum ya kizazi cha pili, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2003, ina milango ya nyuma ya kuteleza, na upande wa kushoto haina nguzo ya kati kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, hivyo milango yote miwili ikifunguliwa hubaki nafasi pana ya kuingia. Toyota Porte ina mlango mmoja mkubwa wa kuteleza upande wa kushoto.

Hapa lipo jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa. Japani, kama Tanzania, dereva hukaa kulia. Nafasi pana ya Raum na mlango mkubwa wa Porte vipo upande wa kushoto, yaani upande wa abiria. Magari hayo humfaa sana mwenye jeraha anayeendeshwa na mtu mwingine. Mwenye jeraha anayeendesha mwenyewe huingia kwa mlango wa kawaida wa kulia, na faida aliyoilipia hatakuwa akiitumia. Kadhalika, milango inayofunguka kwa umeme ina mota na nyaya zake. Kabla ya kununua gari la aina isiyo ya kawaida, ni busara kuuliza katika maduka ya vipuri ya Iringa iwapo vifaa hivyo hupatikana na kwa bei gani.

Yapo pia magari yaliyotengenezwa mahususi kwa wenye ulemavu. Kampuni ya Toyota huyauza nchini Japani kwa jina la Welcab; baadhi yana kiti kinachozunguka na kushuka nje ya gari, na mengine yana njia ya mteremko ya kupandishia kiti mwendo kwa nyuma. Baada ya miaka kadhaa ya matumizi magari hayo huingia katika soko la magari yaliyotumika kama mengine. Aina hii ndiyo yenye uzito zaidi inapofika suala la kodi, kama itakavyoelezwa.

Kwa anayetumia magongo au kiti mwendo, buti lipimwe kwa kifaa chenyewe. Kiti mwendo kinachokunjwa kiletwe kwenye gari na kiingizwe na mtu ambaye kweli atakuwa akikiingiza kila siku. Buti lenye kizingiti cha juu humchosha mke, mume au mtoto anayesaidia, na msaidizi akiumia kiuno kaya inakuwa na majeruhi wawili.

Barabara na starehe ya safari

Barabara za ndani ya vijiji vinavyoizunguka Kalenga ni za udongo na changarawe, na msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, huzibadilisha. Starehe ya mwenye jeraha katika njia hizo hutegemea matairi, shokapu na springi kuliko unene wa kiti.

Tairi huweza kusomwa. Lenye maandishi 175/65 R14 lina ukuta wa takriban milimita 114 kati ya rimu na ardhi, kwa kuwa asilimia 65 ya upana wa milimita 175 ndiyo kimo cha ukuta huo. Lenye maandishi 205/45 R17 lina ukuta wa takriban milimita 92. Ukuta mrefu hubeba upepo mwingi na kumeza jiwe kabla mshtuko haujafika mgongoni. Ukuta mfupi huupitisha. Wauzaji wengi huweka rimu kubwa zenye matairi membamba ili gari lipendeze. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo pambo hilo ni adhabu, na kurudisha rimu za kiwanda huwa ni sehemu ya bei ya gari.

Kiti cha mbele hutikisika kidogo kuliko cha nyuma, ambacho katika magari madogo huwa karibu na ekseli. Taulo iliyokunjwa na kuwekwa kiunoni huziba pengo kati ya mgongo na kiti, na hugharimu chini ya mto wa dukani. Katika safari ya Dar es Salaam, kusimama na kunyoosha mwili kila baada ya saa moja au zaidi kidogo huzuia viungo kukakamaa, na barabara kuu ina vituo vinavyofaa, vikiwemo Ilula, Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Morogoro.

Jaribio la gari lifanyike katika njia itakayotumika. Kuzunguka yadi iliyosakafiwa hakumwambii mnunuzi kitu. Muuzaji mwenye nia njema hatakataa gari lijaribiwe kwa dakika 30 katika barabara ya changarawe, mwenye jeraha akiwa ndani, pamoja na fundi asiyelipwa na dalali.

Bei ya kununua na gharama ya kumiliki

Mnunuzi anayeagiza gari kutoka nje anakabiliwa na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine. Kwa viwango ambavyo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imekuwa ikivichapisha, injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 haitozwi ushuru huo wa bidhaa, kati ya 1,000 na 2,000 hutozwa asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Umri nao una gharama: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30.

Mfano wa kubuni unaonesha uzito wa viwango hivyo. Gari ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 8, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,300 na umri unaozidi miaka 10, litatozwa ushuru wa forodha wa shilingi milioni 2. Thamani inakuwa milioni 10, ambayo asilimia 5 yake ni shilingi 500,000 na asilimia 30 ni milioni 3. VAT hukokotolewa juu ya milioni 13.5, nayo ni shilingi milioni 2.43. Jumla ni shilingi milioni 7.93 kabla ya tozo nyingine, kiasi kinachokaribia thamani ya gari lenyewe. Gari la thamani hiyohiyo lisilofikisha miaka 8 lingetozwa takriban shilingi milioni 4.39. Ndiyo sababu gari la zamani linaloonekana rahisi katika mtandao wa muuzaji wa Japani linaweza lisiwe rahisi bandarini. Thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na TRA, ambayo huweza kutofautiana na bei aliyolipa mnunuzi, na tovuti ya mamlaka hiyo ina kikokotoo kinachomwezesha mwananchi kujua makadirio kabla ya kuagiza.

Baada ya kununua, mafuta huendelea kudai. Mtu anayetoka Kalenga kwenda mjini na kurudi mara tatu kwa wiki husafiri takriban kilomita 90, sawa na kilomita 390 kwa mwezi. Gari linalotembea kilomita 15 kwa lita litahitaji lita 26. Linalotembea kilomita 8 litahitaji karibu lita 49. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila kaya inaweza kuzidisha na kuona tofauti hiyo kwa mwaka.

Msamaha wa kodi unamhusu nani

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa vifaa, likiwemo gari, vilivyotengenezwa mahususi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, kuondolewa kwa ushuru huo pekee, hata kama kodi nyingine zote zingebaki, kungeshusha jumla kutoka shilingi milioni 7.93 hadi takriban milioni 4.74, kwa kuwa kodi zinazofuata hukokotolewa juu ya ushuru huo. Ni unafuu wa zaidi ya shilingi milioni 3.

Maneno ya sheria, hata hivyo, yana mpaka wake. Kinachoangaliwa ni gari lenyewe kuwa limetengenezwa mahususi, pamoja na hali ya mwombaji. Gari la kawaida la otomatiki, hata likinunuliwa na mtu aliyeumia, halina sifa hiyo kwa sababu tu linamfaa. Mtu aliyepona na kubaki na mguu mfupi, ambaye anachohitaji ni kiti cha kimo sahihi na gia za otomatiki, hana budi kupanga bajeti yake akihesabu kodi kamili. Anayehitaji mtambo wa mkono, kiti kinachozunguka au njia ya kiti mwendo ndiye mwenye sababu ya kuomba.

Mpaka wa pili ni wa wakati. Msamaha huombwa kabla gari halijatolewa forodhani, na ni salama zaidi kuulizia kabla ya kuliagiza. Gari lililokwisha kusajiliwa nchini na kununuliwa kwa mtu au kwenye yadi limeshalipiwa kodi zake, na hakuna cha kusamehe. Kwa kuwa wakazi wengi wa vijijini hununua magari yaliyopo nchini tayari, unafuu huu huwapita bila wao kujua kuwa ulikuwepo. Mpaka wa tatu ni wa matumizi: gari lililosamehewa likihamishiwa kwa mtu asiye na haki hiyo, kodi iliyosamehewa huweza kudaiwa. Mwenye jeraha ajihadhari na ndugu au mfanyabiashara anayeomba kutumia jina lake kuingiza gari.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na ofisi ya TRA mkoa, akiwa na taarifa ya daktari inayoeleza ulemavu wake na maelezo ya gari linalokusudiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zikiwa hai, ndizo zinazoweza kumwambia mkazi wa Kalenga habari hii kabla hajalipa.

Fedha zinatoka wapi

Wapo wanaonunua gari kwa mkopo wenye riba kubwa huku wakiwa na haki ambazo hawajazidai. Mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, wa sekta ya umma au binafsi Tanzania Bara, anahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mafao yake yanajumuisha matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu na huduma za utengamao. Aliyegongwa na chombo cha moto ana haki ya kudai kwa kampuni iliyokikatia chombo hicho bima ya lazima, na akikwama anaweza kufika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO). Taarifa ya polisi, fomu ya PF3, kadi za kliniki na stakabadhi zitunzwe tangu siku ya kwanza, maana madai bila nyaraka hukosa miguu ya kusimamia.

Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 2 ni kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa. Mikopo hiyo ni ya shughuli za kiuchumi. Haikuwekwa kwa ajili ya gari la binafsi. Inaweza kununua bajaji ya biashara ambayo pia huwasafirisha wenye ulemavu wa eneo husika. Kwa mikopo mingine, mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na masharti yasomwe kabla ya kutia saini. Gari lililowekwa dhamana kwa mkopo wa kausha damu linaweza kuchukuliwa katikati ya matibabu.

Kutonunua nako ni uamuzi

Kaya inayohitaji safari nne kwa mwezi inaweza kupata nafuu kwa kuingia makubaliano na dereva mmoja wa teksi au bajaji anayejua namna ya kumsaidia mgonjwa wake. Hesabu ni nyepesi: nauli ya mwaka mzima ilinganishwe na mafuta, bima, matengenezo na bei ya gari ikigawanywa kwa miaka litakayotumika. Nauli ikiwa ndogo, fedha iliyobaki ina kazi nyingine, kama mguu bandia unaokaa vizuri, kiti mwendo kinachoweza kupita njia za kijijini, au njia ya mteremko na choo kinachofikika nyumbani.

Kwa anayeamua kununua, mpangilio unabaki uleule. Daktari aeleze, kimo cha kiti kipimwe nyumbani, njia ya kila siku ijulikane, TRA na ustawi wa jamii waulizwe, haki za fidia na bima zidaiwe, kisha gari litafutwe na kujaribiwa mwenye jeraha akiwa ndani. Malipo yawe ya mwisho. Mkataba uandikwe, kadi ya gari ihakikiwe, na umiliki uhamishwe kwa jina la mwenye jeraha mwenyewe, ili chombo kilichonunuliwa kwa maumivu yake kiendelee kuwa chake.